Kabla ya kukopa laptopu mpya, fungua hiyo uliyo nayo

Kuna sentensi moja ambayo vijana wengi wa mji huu wameisikia wakiwa wamesimama mbele ya kaunta ya duka la kompyuta, laptopu mkononi, begi mgongoni: "Hii imezeeka, tafuta ingine." Husemwa haraka, hata kabla kifuniko hakijafunguliwa. Wewe ulikuja kwa sababu mashine inachukua dakika sita kuwaka na Chrome inaganda ukifungua kurasa tatu. Unatoka pale na bei kichwani, na mpango wa kulipa mdogo mdogo mwaka mzima. Komredi mwingine anachota pesa za HELB za muhula zima anazimwaga hapo, halafu anakula mkate na soda hadi Novemba.

Mimi nasema ngoja kwanza. Nyingi ya mashine hizi zinazodaiwa kuzeeka zina kitu kimoja tu kilichochoka ndani, na kitu hicho unaweza kukibadilisha mwenyewe hapo kejani, kwa bisibisi moja, kabla mechi ya Ligi Kuu haijaisha.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Iliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa watu binafsi wanaojiandikisha kupitia Windows Update. Zaidi ya hapo inataka uhamie Windows 11, na Windows 11 ni ya kuchagua wageni: inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea.

Sasa angalia laptopu tunazobeba. Wengi wetu tuna zile za ex-UK: ThinkPad, EliteBook, Latitude, mashine zilizotumika ofisini huko ng'ambo zikauzwa kwa jumla, zikatua Luthuli Avenue na Moi Avenue. Ukitaka kujua yako ni ya kizazi gani, soma jina la prosesa. Kama ni i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita. i5-8250U ni cha nane. i5-10210U ni cha kumi, hapo unasoma tarakimu mbili. Ukiwa na cha nne, cha tano au cha sita, kioo chenyewe kitakuambia kwamba kompyuta hii haifai. Ujumbe huo unasomeka kama cheti cha kifo, na kuna watu wanaoutumia kukuuzia jeneza.

Lakini anza hapa, kabla hujagusa bisibisi. Washa mashine, isubiri itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaitwa Task Manager, na kwa maoni yangu ndilo dirisha la maana zaidi ndani ya Windows na ndilo wanalolipita haraka zaidi darasani. Nenda sehemu ya Performance. Utaona mistari ikipanda na kushuka: prosesa, memori, diski. Tazama diski. Ikiwa imekwama kwenye asilimia 100 dakika nenda dakika rudi, ilhali wewe hujafungua kitu, na prosesa iko asilimia 10 imekaa inapiga miayo, basi mshukiwa umempata. Katika Windows 10 za karibuni imeandikwa hapo hapo kama diski yako ni HDD au SSD.

HDD ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta data. Katika laptopu nyingi za zamani sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Unasikia ni kasi, lakini Windows ikiwaka inataka maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika kila pembe. Mfikirie makanga ndani ya basi lililojaa pomoni, akijipenyeza kuokota nauli moja moja, mbele, nyuma, tena mbele. SSD haina sahani wala mkono. Ni kama abiria wote wametuma nauli kwa simu kwa mpigo. Kwa faili kubwa, SSD ya kawaida ya SATA husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, HDD ya laptopu ikijitahidi inafika 100 hivi. Kwa vile vifaili vidogo, pengo ni kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo sababu mashine ile ile, prosesa ile ile, ikibadilishiwa diski tu mwenyewe anadhani ameletewa nyingine.

Ukiwa bado kwenye dirisha lile, bonyeza memori. Huonyesha una RAM kiasi gani na nafasi ngapi zimetumika. Ukiona moja kati ya mbili, ndani kuna nafasi tupu inayokungoja. GB 4 na Chrome ya leo haziwezani, hata usijisumbue. GB 8 zinatosha kwa asaimenti, Zoom na filamu.

Ununuzi ndio mahali watu huliwa pesa, kwa hivyo tukae hapo kidogo. RAM si RAM tu. Mashine za kama 2013 hadi 2015 nyingi hutumia DDR3L, zilizofuata zikahamia DDR4, na hizi mbili haziingiliani: ule mkato kwenye ukingo wa kadi uko mahali tofauti. Ikikataa kuingia usiisukume. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi, hizo hata ufanyeje haiongezeki. Kwa diski, nyingi za zamani huchukua ile ya inchi 2.5, lakini nyingine zina nafasi ya kadi nyembamba iitwayo M.2. Hapo ujihadhari: M.2 za SATA na M.2 za NVMe zinafanana kama mapacha, na mashine inayotaka moja inaweza kuikataa nyingine kabisa.

Utajuaje? Usimwulize muuzaji. Uliza waliotengeneza. Geuza laptopu, soma modeli kamili kwenye karatasi ya chini, iandike mtandaoni ukiongeza maneno "maintenance manual". HP, Dell na Lenovo huweka bure vitabu vizima vya ukarabati, vyenye michoro ya kila skrubu na orodha ya vipuri. Vile vya laptopu za ofisini ni vizuri ajabu, kwa sababu vilikusudiwa mafundi wa kampuni. Tovuti ya iFixit nayo ina maelezo ya bure yenye picha kila hatua. Hii ndiyo siri kubwa ya biashara hii, na haijafichwa popote. Iko tu mahali ambapo hatukufundishwa kutazama.

Na flashi au SSD ya bei ya kushangaza, eti GB 512 kwa bei ya chipsi mbili, ijaribu kabla ya kuiamini. Kuna zilizodanganywa zionyeshe ukubwa ambao hazina, ukijaza unapoteza kila kitu. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw hujaza diski nzima kisha huisoma tena, uongo wote unatoka nje. Iendeshe ukingali na risiti.

Kabla ya kufungua, nakili kazi zako zote mahali pengine. Zote. Picha, tasnifu, vyeti ulivyoskani saiba. Diski unaweza kununua, ila ile sura ya tatu ya tasnifu hauziwi popote. Na kama flashi yako ilipita kwenye kompyuta ya saiba ikarudi na vijifaili vya njia ya mkato pekee, usilie wala usiiformati. Mara nyingi faili zako bado zimo, zimefichwa tu. Fungua Command Prompt, angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Zikirudi, zinakili, safisha flashi kwa programu ya kuua virusi, na usibonyeze vile vijifaili vya ajabu hata kidogo.

Haya, meza. Isiwe kitandani wala juu ya zulia, kwa sababu ya umeme tuli. Zima mashine kabisa, toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi umeme uliobaki uishe. Betri ikiwa ya ndani, kitu cha kwanza baada ya kufungua kifuniko ni kuchomoa waya wake. Gusa chuma kwanza kabla ya kugusa bodi. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali ilipotoka, kwa maana hazilingani urefu, na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kutoboa kitu upande wa pili. Kifuniko kikigoma, usitumie kisu. Kadi ya zamani ya plastiki inatosha, ipitishe pole pole kando kando. Kikigoma tena kuna skrubu umeisahau, mara nyingi chini ya raba au kibandiko. Piga picha kwa simu kila hatua.

Diski yenyewe hushikwa na skrubu nne hivi. Hiyo ndiyo kazi yote. Watu huogopa sana sehemu hii na ndiyo rahisi kuliko zote.

Kwa kuwa ushafungua, tazama feni. Vumbi la Nairobi ni zulia. Litoe kwa brashi laini, na ukipuliza kwa blowa shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Mashine inayochemka hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hivyo kuna laptopu "nzee" ambazo kumbe zinahitaji tu kupumua. Ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoza hukauka baada ya miaka. Ukiibadilisha, tone la ukubwa wa punje ya ndengu linatosha. Si siagi.

Ila kuna mahali pa kusimama. Ukikuta betri imevimba, au ukigundua kabla ya kufungua kwamba kibodi imeinuka katikati na mashine haifungiki sawasawa, acha kuitumia. Usiikandamize, usiitoboe, usijaribu "kutoa hewa" kama alivyoonyesha msee fulani kwenye TikTok. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya bedsitter ya mabati haizimiki kwa beseni la maji. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi, si kwa pipa la ploti. La ploti huishia Dandora, na huko kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu.

Tuseme diski mpya imeingia. Utaweka mfumo gani? Hapa ndipo ninapopishana na mafundi wengi wa mtaa, wanaokuwekea Windows ya "kuvunja" kwa mia tano. Ile programu ya kuivunja, kabla haijafanya kazi yake, hukuomba uzime kinga ya virusi. Jiulize ni kwa nini. Programu kama hizo zimetumika miaka mingi kubeba wezi wa nywila, na kwenye kompyuta hiyo hiyo utaingia eCitizen, barua pepe, tovuti ya benki na akaunti unayolipwa kazi za mtandaoni. Umeokoa pesa ya leseni halafu umemwachia mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba.

Kuna njia halali isiyolipishwa. Linux Mint, au Ubuntu. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Unapakua faili, unaiweka kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya bure kama Rufus, unawasha laptopu kupitia flashi, na mfumo mzima unafunguka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera. Usipopenda, chomoa flashi, maisha yaendelee. Ukipenda, sakinisha. LibreOffice huja na Mint na hufungua faili za Word, ingawa mpangilio wa jedwali unaweza kuhama kidogo, kwa hivyo kazi ya kukabidhi itume kama PDF.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kinaenda sawa. Photoshop haiendi. Safe Exam Browser, ambayo vyuo vingine hutumia kwa mitihani, haina toleo la Linux. Ukiwa na shughuli za namna hiyo, jiandikishe kwa ule mwaka wa nyongeza wa Windows 10. Rufus pia inaweza kukutengenezea flashi ya Windows 11 inayoruka lile sharti la TPM, lakini Microsoft haikuahidi marekebisho kwa mashine zilizoingia kwa mlango wa nyuma. Mimi ningeanza na Mint.

Jambo dogo kwa wenye bando za kuhesabu: kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi unayotumia, hasa ya simu yako, uiweke kuwa "metered connection". Itaacha kupakua masasisho mengi makubwa kimya kimya huku wewe ukidhani Safaricom ndiyo inakula data yako.

Sasa nije kwa lile linaloniuma. Baada ya Kidato cha Nne, karibu kila mtoto wa nchi hii hupelekwa kusomea "pakeji". Mzazi anauza mbuzi, au mama mboga anaweka kando mia mia, mtoto anakaa miezi miwili akifundishwa kubadilisha rangi ya maandishi kwenye Word na kusoma kwa moyo sehemu za kompyuta: ingizo, uchakataji, tokeo. Anapewa cheti chenye mhuri. Hajawahi kufungua skrubu hata moja. Hajui diski ni ipi na RAM ni ipi ukimwekea mbele. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na hadi siku hiyo nilikuwa nimechora kompyuta mara nyingi kwenye daftari kuliko nilivyoiona ndani. Wakati huo huo, nyuma ya maabara nyingi za kompyuta kuna stoo yenye mashine zilizokufa, zimefungiwa kwa kufuli, zikisubiri mnada.

Fungueni hizo stoo. Mashine iliyokufa ndiyo darasa bora, kwa kuwa haiwezi kuharibika zaidi. Wanafunzi wanne, bisibisi moja, kitabu cha ukarabati kilichopakuliwa bure, kesho yake wanajua walichokuwa wakichora muhula mzima. Haihitaji mfadhili wala uzinduzi wenye hema na viti vya plastiki. Inahitaji mwalimu aliye tayari kupoteza kufuli. Najua kuna taratibu za mali ya umma, na mtu lazima atie sahihi. Basi atie.

Simsemi fundi vibaya. Fundi mzuri ni hazina, na kuna kazi kama kuchomelea bodi ambazo sitakushauri uziguse ukiwa mwanafunzi. Lakini mteja anayejua kilicho ndani huhudumiwa tofauti na anayekabidhi mashine kama mtu anayekabidhi mgonjwa asiyejitambua. Kabla ya kuiacha dukani, andika ukubwa wa RAM na diski kutoka lile dirisha la Task Manager, upige picha, na umwonyeshe fundi kwamba umepiga. Toa akaunti zako, au la sivyo chomoa diski uiache nyumbani kama tatizo ni kioo au kibodi. Kifaa kikibadilishwa, dai cha zamani. Ni chako, ulikilipia.

Na HDD uliyoitoa bado ina kazi. Kasha la USB la diski ya inchi 2.5 ni bei ya chini, unaitia ndani na sasa una pa kuhifadhia nakala. Kwa kazi hiyo kasi si kitu. Isipokuwa ikiwa inatoa mlio wa kugonga gonga: hiyo iko njiani kwenda, hamisha ulichonacho leo jioni kabla stima haijapotea.